Utawala wa chuo umetuletea rasimu ya mkataba yenye "kutegemea upatikanaji wa fedha". Tusaini?

MwalimuWaElgon

Habari zenu wanajukwaa. Naomba ushauri wa watu waliowahi kukaa meza moja na utawala wa chuo wakajadili mkataba, si wa kubahatisha.

Nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu binafsi huku mashariki mwa Uganda. Chuo sikitaji, nchi yenyewe ndogo. Chama chetu cha wahadhiri kipo miaka mingi, ila kazi yake ilikuwa kuchangisha rambirambi na kukodi mahema ya harusi. Mwaka jana tukachagua viongozi wapya, na kwa mara ya kwanza utawala ukakubali kuzungumza nasi juu ya mkataba wa pamoja wa wahadhiri wote. Mimi nimetiwa kwenye kamati ya watu watano, nadhani kwa sababu nina mdomo.

Wengi wetu tuliajiriwa kwa barua za ajira ya kudumu. Sasa wanataka kila mtu ahamie kwenye mikataba ya miaka mitatu mitatu. Mshahara haujaguswa tangu kabla ya korona. Mimi mwenye shahada ya uzamili napokea shilingi milioni 1.7 kwa mwezi kabla ya kodi na makato ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF. Tangu Baraza la Mawaziri litangaze Julai 2022 kwamba Kiswahili kitakuwa somo la lazima shuleni, darasa langu la walimu watarajiwa limejaa hadi wengine wanakaa kwenye kingo za madirisha, lakini wahadhiri wa Kiswahili tumebaki wawili. Karatasi za mitihani nazisahihishia nyumbani, mafungu yamefungwa kwa kamba ya katani na kusukumwa chini ya kitanda, kwa sababu ofisini tupo sita kwenye meza tatu.

Kikao kilichopita upande wao walikuja Naibu Makamu Mkuu anayeshughulikia fedha, Katibu wa Chuo, afisa utumishi, na wakili kutoka Kampala ambaye hakutamka neno, aliandika tu. Chupa za maji ziliwekwa upande wao wa meza. Tulipewa rasimu palepale, kurasa 14, tukaambiwa iwe imerudi na sahihi Alhamisi ya wiki ijayo kabla Baraza la Chuo halijakaa. Vipengele vinavyoninyima usingizi ni hivi:

"Chuo kitapitia upya viwango vya mishahara kila mwaka wa fedha, kutegemea upatikanaji wa fedha."

"Mhadhiri atafundisha saa zisizopungua 12 kwa wiki."

"Mkataba unaweza kuhuishwa kwa hiari ya Chuo."

Wakati huohuo afisa utumishi anaita watu ofisini mmoja mmoja, hasa vijana, anawapa mikataba binafsi ya miaka mitatu wasaini. Baadhi wameshasaini. Kijana mmoja aliniambia, "Dada, nina watoto watatu na mkopo wa SACCO, ningefanyaje?" Sikuwa na la kumjibu.

Wenzangu wawili kwenye kamati wanasema tusaini, kidogo si haba. Mwenyekiti anataka tugome wiki ya mitihani. Nyinyi mngefanya nini?

Saa_kwa_Saa

Dada, mimi ni mhadhiri wa muda, nafundisha vyuo vitatu hapa Kampala na kando yake. Nalipwa kwa saa, na hela inakuja baada ya matokeo kupelekwa, wakati mwingine muhula mzima baadaye. Nakwambia hili bila kujivunia: mkigoma wiki ya mitihani, watakaopigiwa simu waje kusimamia ni watu kama mimi. Na wapo watakaokuja, kwa sababu mwenye nyumba wa Kireka hasubiri mshikamano.

Rasimu yenu haina hata mstari mmoja juu ya wahadhiri wa muda. Wekeni. Kiwango cha chini cha saa moja, na tarehe ya kulipwa. Mkituacha nje ya mkataba, sisi ndio tutatumiwa kuwavunja.

MzeeWaBombo

Mwalimu, salaam. Nilikuwa katibu wa chama cha wahadhiri katika chuo cha umma muda mrefu kabla sijastaafu na kurudi Bombo kufuga kuku. Nitakujibu kwa urefu, univumilie.

Alhamisi hamsaini. Tarehe ile ni yao, si yenu, na Baraza la Chuo litakaa tena. Andikeni barua fupi leo hii: rasimu tumeipokea, tunaijadili na wanachama, mapendekezo yetu yatawafikia kwa maandishi tarehe fulani. Tarehe mpange nyinyi, halafu muitimize bila kuchelewa hata saa moja. Katika maisha yangu sijaona utawala unaoogopa kamati yenye kelele. Unaogopa kamati inayotimiza tarehe.

Sasa niulize: chama chenu kipo kwa karatasi gani? Katiba, ibara ya 40, inakupa haki ya kuunda chama, kujadiliana kwa pamoja na mwajiri, na kuacha kazi kwa kufuata sheria. Lakini Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi ya 2006 inakitambua chama kilichoandikishwa kwa Msajili, pale Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Kama mlicho nacho ni barua ya Katibu wa Chuo inayowaruhusu "kukutana kwa masuala ya ustawi", basi mna kibali cha kukodi mahema. Siku akikasirika anakifuta. Usajili ukichelewa, ingieni kwenye chama cha kitaifa cha sekta ya elimu ambacho tayari kimesajiliwa, mfungue tawi. Na kabla ya mshahara, kabla ya saa, kabla ya lolote, daini mkataba wa kutambuana: nani anamwakilisha nani, vikao ni mara ngapi, rasimu zinatolewa siku ngapi kabla ya kikao (hilo la kupewa kurasa 14 mezani ni ujanja wa zamani sana), na mgogoro ukizuka unapelekwa wapi.

Tuje kwenye "kutegemea upatikanaji wa fedha". Hapo damu yangu inachemka, mnisamehe.

Wengi mnakumbuka Makerere ilipofungwa 2016 lakini mmesahau kwa nini. Agosti 2013 wahadhiri wake, chini ya chama chao MUASA, waligoma wakitaka nyongeza ya asilimia 100. Serikali ikasema haina. Kilichokuja ni posho ya motisha, asilimia 70, ambayo chuo chenyewe kingeilipa kutoka mapato yake, yaani hasa ada za wanafunzi wanaojilipia. Kwenye karatasi ilipendeza. Watu wakachukua mikopo ya benki juu yake. Lakini haikuwa mshahara wa Hazina, ilikuwa inategemea kapu la chuo, na kapu lilipopungua malimbikizo yakaanza kujaa, mwezi baada ya mwezi. Wahadhiri wakaweka chaki chini, wanafunzi nao wakaingia barabarani, na tarehe 1 Novemba 2016 Rais akakifunga chuo. Hakikufunguliwa mpaka mwaka mpya.

Sasa weka kando ya hiyo ule mshahara wa shilingi milioni 15 kwa mwezi wa profesa wa chuo cha umma. Vyama vya vyuo vya umma, vikiwa kitu kimoja chini ya jukwaa lao FASPU, viliibana serikali ikakubali kiwango chenyewe kwanza, tarakimu, kisha kikalipwa kwa awamu kupitia bajeti ya taifa. Ilichukua miaka na tulinung'unika njia nzima. Lakini kila ilipokaribia Juni ulikuwa na mahali pa kwenda na swali la kuuliza: awamu ya mwaka huu imo kwenye bajeti au haimo? Swali hilo lina jibu la ndiyo au hapana. "Fedha zikipatikana" haina jibu, maana anayejua kama zimepatikana ni yuleyule anayekwambia hazijapatikana.

Kwa hiyo msipigane wapandishe kutoka asilimia 5 hadi 7. Pigana mstari ule uondoke, au ufungwe kwa kitu kinachohesabika. Mimi ningechukua asilimia 4 ya uhakika kuliko 20 ya huruma.

Kipengele cha saa. Kisome tena: kina sakafu, hakina dari. Mwakani mkuu wa idara anakupa saa 22 na hajavunja chochote. Andikeni zisizozidi. Halafu andikeni nini kinahesabiwa kuwa kazi: kusimamia tasnifu, kusahihisha, kuwafuata wanafunzi wa mazoezi ya kufundisha huko Kapchorwa na Bukedea ambako siku nzima inaishia barabarani. Ukubwa wa darasa pia. Darasa likizidi wanafunzi 100 lihesabiwe kozi moja na nusu. Utaona wanakubali hili haraka kuliko la mshahara kwa sababu hawaoni shilingi ndani yake. Imo.

Ajira ya kudumu msiiuze bure. Wenye barua za kudumu wabaki nazo. Kama wanasisitiza, mikataba ya muda iwe ya waajiriwa wapya tu, iwe na kiinua mgongo (kwenye mikataba mingi ya umma hapa kwetu asilimia 25 ya mshahara wa msingi ni jambo la kawaida), na chuo kitoe taarifa miezi sita kabla kama hakitahuisha. Kikinyamaza, mkataba umehuishwa. "Kwa hiari ya Chuo" maana yake mhadhiri aliyeuliza swali baya kwenye kikao cha kitivo hana kazi Julai. Na miaka yenu ya nyuma iandikwe kuwa inaendelea kuhesabiwa. Sheria ya Ajira ya 2006 inapima notisi kwa muda wa utumishi: wa mwaka mmoja hadi mitano anastahili mwezi mmoja, aliyefika kumi anastahili mitatu. Usikubali karatasi inayokurudisha sifuri.

Hao vijana waliosaini, msiwagombeze hata kidogo. Waombeni nakala. Kisha mkataba wa pamoja useme waziwazi kwamba pale unapogongana na mkataba wa mtu binafsi, kinachomfaa zaidi mfanyakazi ndicho kitakachoshika. Na leo hii barua nyingine iende kwa Makamu Mkuu kwamba kuita watu mmoja mmoja wakati mazungumzo yanaendelea kukomeshwe. Mwajiri habadilishi masharti ya ajira peke yake. Anahitaji ridhaa ya mfanyakazi, na ridhaa inayopatikana kwa kumfungia kijana ofisini na afisa utumishi ina kasoro zake mbele ya mahakama.

Mgomo: mwambie mwenyekiti wako, kwa heshima zote, atulie. Sheria ya migogoro ya kazi, nayo ya 2006, inataka mgogoro uripotiwe kwanza kwa afisa wa kazi. Wilayani kwenu yupo. Zikipita wiki nane bila yeye kuupeleka Mahakama ya Viwanda, mnaweza kuupeleka wenyewe. Ni polepole, sikatai. Lakini mgomo wa chama kisichosajiliwa, katika chuo binafsi, wiki ya mitihani, na kina Saa_kwa_Saa wako mlangoni? Jumatatu mnakuta barua za kuachishwa.

Mwisho, kitu kidogo ambacho kimenipa ushindi kuliko hotuba zote. Kumbukumbu za kikao. Kwetu ziliandikwa na ofisi ya Katibu wa Chuo, zikaja mwezi mmoja baadaye, na pale tulipokubaliana unakuta imeandikwa "ilijadiliwa". Tukanunua kaunta buku la kurasa nyingi, tukalipiga namba kwa kalamu ukurasa kwa ukurasa. Kila kikao, kabla mtu hajainuka kwenye kiti, nasoma maazimio kwa sauti na kiongozi wa kila upande anatia sahihi chini yake. Mara ya kwanza Katibu alicheka, akaniuliza kama tuko kituo cha polisi. Akatia. Siku mgogoro wa posho za nyumba ulipofika kwa afisa wa kazi, wao walikuja na faili tatu, mimi nikaja na kaunta buku. Afisa alifungua ukurasa nilioukunja kona, akamwonyesha Katibu sahihi yake mwenyewe, na kikao hakikuchukua nusu saa.

KalamuNyekundu

Nitasemea upande ambao hapa hausemewi. Nimekuwa mhasibu katika chuo binafsi, chuo kingine si cha Mwalimu. Sasa niko nje.

MzeeWaBombo amesema kweli nyingi, ila anazungumza kama mtu aliyekuwa na Hazina nyuma yake. Chuo binafsi hakina Hazina. Kina ada, basi. Na ada hazilipwi mwanzo wa muhula kama vitabu vinavyosema. Mzazi analipa kidogo ili mtoto ajisajili, halafu anasubiri hadi kibali cha mtihani kinapotakiwa. Kwa hiyo wiki mbili kabla ya mitihani akaunti inajaa, na kati ya mihula ni jangwa. Mhasibu anayesema "hakuna fedha" mwezi wa Julai mara nyingi hasemi uongo. Anayesema hivyo wiki ya vibali vya mtihani, huyo muulizeni vizuri.

Mkidai mstari ule uondoke kabisa, nawahakikishia wakili wa Kampala ataukataa na Baraza litamuunga mkono. Daini ufungwe kwa idadi ya wanafunzi waliosajiliwa. Kwa mfano: wakifika 3,000 nyongeza ni asilimia 6, wakiwa kati ya 2,500 na 3,000 ni asilimia 3, chini ya hapo mnakutana upya. Tarakimu mtaziweka za kwenu. Uzuri wake ni kwamba idadi ya wanafunzi haifichiki. Msajili wa masomo anayo, chuo kinaripoti kwa Baraza la Taifa la Elimu ya Juu (NCHE), na nyinyi wenyewe mnawaona madarasani. Hesabu za fedha zilizokaguliwa mnaweza kuziomba mpaka mzeeke.

La pili, mnayo nguvu ambayo hamjaitaja. NCHE haiidhinishi programu hewani. Faili la kila programu lina majina ya wahadhiri, vyeti vyao, na wanafundisha nini. 2023 mlisikia kelele za orodha ya programu ambazo muda wa ithibati ulikuwa umekwisha, vyuo vikubwa vikiwemo. Ofisini kwetu watu walikesha. Chuo chenye wahadhiri wawili wa Kiswahili, wakati kila shule inatafuta walimu wa Kiswahili, hakiwezi kumpoteza hata mmoja na bado kikapeleka faili hilo. Hii ina uzito kuliko mgomo, na haihitaji kelele. Mwalimu, mezani uliza tu kwa upole: ithibati ya programu yetu inaisha lini?

Na la tatu. Machi 2020 vyuo vyote vilifungwa, na wahadhiri wengi wa vyuo binafsi hawakuona mshahara miezi na miezi. Mimi ndiye niliyekuwa napokea simu zao. Rasimu yenu inasema nini juu ya chuo kufungwa kwa amri ya serikali? Kama haisemi, andikeni sasa mkiwa watulivu: asilimia ngapi ya mshahara italipwa, kwa miezi mingapi, na NSSF ya asilimia 10 ya mwajiri itaendelea au la. Hilo la NSSF lichunguzeni hata leo. Nendeni kwenye simu zenu mwangalie kama michango imefika. Kuna vyuo vinakata asilimia 5 kwa mfanyakazi na hela haifiki.

MzeeWaBombo

KalamuNyekundu, la idadi ya wanafunzi nimelipenda. Nalikubali mbele ya watu.

Mhadhiri_Eldoret

Jirani yenu nawasalimu. Sisi Kenya mnatuona tuna UASU, chama cha wahadhiri wa vyuo vikuu, yenye nguvu mkadhani tulipewa. Wahadhiri waligoma 1993 hadi 1994 wakitaka tu chama kisajiliwe, wakakataliwa, baadhi wakapoteza kazi. Usajili ulikuja 2003 baada ya serikali kubadilika. Kwa hiyo Mzee akikwambia uanze na karatasi ya usajili, sikiliza.

Ila nina onyo. Kusaini ni nusu ya kazi. Mkataba wetu wa pamoja wa 2017 hadi 2021 ulisainiwa, ukasajiliwa mahakamani, tukapiga picha. Mwaka 2025 bado tulikuwa tunagomea hela za mkataba huohuo. Tulikaa nje siku 49, hadi mwanzoni mwa Novemba, ndipo serikali ikakubali kulipa shilingi za Kenya bilioni 7.9 kwa awamu mbili. Wakati wote huo hakuna aliyebisha kwamba tunadai. Walichobisha ni kiasi: vyama vilikuwa na hesabu yake, wizara ina yake, tume ya mishahara ina yake. Miaka ikaliwa hapo.

Kwa hiyo ambatisheni jedwali. Kila cheo, kila ngazi, mshahara wa sasa, mshahara mpya, tarehe ya kuanza, kwa shilingi kamili, si asilimia. Asilimia ya nini? Ya mshahara wa msingi au pamoja na posho? Kila upande utie sahihi kwenye jedwali lenyewe, si kwenye ukurasa wa mwisho peke yake.

MwalimuWaElgon

Shikamoo Mzee, na nyote asanteni sana. Nimechapisha majibu haya nikayapeleka kwenye kamati jana jioni. Mwenyekiti aliposoma la barua za Jumatatu alinyamaza muda mrefu, halafu akaomba kalamu. Barua zote mbili zimekwenda asubuhi, ya tarehe na ya kukomesha kuita watu. Nakala zimepigwa mhuri wa mapokezi.

Cheti chetu ni kilekile ulichobashiri: barua ya Katibu wa Chuo, ya 2011, ina aya mbili. Kesho mmoja wetu anapanda basi la Kampala kwenda wizarani kuuliza fomu za Msajili.

NSSF nimeangalia ya kwangu. Michango ya miezi minne haipo. Tumewaambia wengine waangalie, na hadi sasa kila aliyejibu anasema vivyo hivyo, ingawa makato yapo kwenye karatasi ya mshahara. Hili sisi hatukuwa tumeliona kabisa.

Saa_kwa_Saa, tumeongeza kipengele cha wahadhiri wa muda: kiwango cha saa, na malipo ndani ya siku 30 baada ya kupeleka alama. Ukiwa na maneno bora zaidi, nipe.

Swali langu moja limebaki. Leo mchana Naibu Makamu Mkuu amenipigia simu mwenyewe, sauti ya asali, akasema wako tayari kuongeza mshahara mara moja kwa wahadhiri wa sayansi na wa TEHAMA, sisi wa sanaa na elimu "tutafuata". Wa TEHAMA wameshasikia, na wengine wameanza kuuliza kwa nini wasubiri.

KalamuNyekundu

La NSSF lisizungumzwe kwenye meza hiyo. Hilo si suala la kujadiliana, ni deni la kisheria na lina adhabu yake. Kusanyeni karatasi za mishahara, mpeleke malalamiko ofisi ya NSSF iliyo karibu. Mkiliingiza kwenye mazungumzo watawalipa haki yenu wenyewe halafu waiite nyongeza.

MzeeWaBombo

Marahaba binti. Simu ya asali nayo iandikwe kwenye kaunta buku: tarehe, saa, nani alisema nini. Ukipigiwa tena mjibu kwamba kamati inapokea mapendekezo kwa maandishi tu.

Hiyo mbinu ya sayansi kwanza tumeshaiona nchi nzima. Serikali ilipompandisha mwalimu wa sayansi mwenye digrii hadi milioni 4, walimu wa sanaa wa chama cha walimu, UNATU, waligoma Juni 2022, wakarudi darasani bila nyongeza, na kwa miaka kwenye chumba kimoja cha walimu wakakaa watu wawili wenye digrii sawa na mishahara isiyojuana. Waliobaki nyuma hawakuwa na mwenzao wa sayansi wa kuwasemea, kwa sababu alikuwa ameshalipwa.

Msiwakasirikie wa TEHAMA, wana njaa kama nyinyi. Lakini kamati yenu ya watano, nani kati yao anatoka sayansi? Kama hakuna, ongezeni mmoja wa TEHAMA kabla ya Alhamisi, na umpe yeye kazi ya kusoma jedwali la mishahara mezani. Anayeheshimiwa zaidi na wenzake, hata kama hamuivi chungu kimoja.

MwalimuWaElgon

Hayupo hata mmoja. Namjua wa kumfuata. Alikuwa wa kwanza kusaini ule mkataba binafsi.

Saa_kwa_Saa

Huyohuyo. Mwombe nakala yake kwanza.